Umetapeliwa, umetukanwa au umechafuliwa mtandaoni? Mwongozo kamili wa sheria ya Tanzania, hatua kwa hatua

Jirani yangu huuza khanga na vitenge kwa WhatsApp. Kuna siku mtu asiyemjua alichukua picha yake, akaiweka kwenye akaunti ya laini nyingine, kisha akawaandikia wateja wake kwamba mzigo mpya umeshuka na kwamba atakayetanguliza nusu ya bei siku hiyohiyo atapunguziwa. Wateja wanne walituma fedha. Jirani alipogundua, alimpigia yule tapeli, wakatukanana, na kwa hasira akafuta mazungumzo yote na kuifungia ile namba. Alipofika kituoni siku ya tatu, mpelelezi alimwuliza kwa upole: “Mama, ushahidi uko wapi?” Hakuwa na cha kumwonyesha.

Katika kazi yangu ya usaidizi wa kisheria, kisa cha namna hii hunifikia mara nyingi kuliko kingine chochote, na wengi wanaonijia huanza kwa kuuliza kama kweli kuna sheria inayofika mtandaoni. Ipo, tena ina adhabu kali. Kinachowaangusha watu ni zile saa chache za mwanzo, ambapo ushahidi hupotelea mikononi mwa mwenye shida mwenyewe. Ndiyo maana nitakaa zaidi kwenye ushahidi, na mengine nitayapitia kwa kadiri yanavyohitajika.

Sheria zinazokuhusu

Mtu anapotumia simu kutenda jambo, hatoki katika nchi wala katika sheria zake. Aliyetishia kuua kwa ujumbe mfupi ametishia kuua sawasawa na aliyesimama mlangoni akapiga kelele, na aliyekubali kwa barua pepe kuuza bidhaa ameingia katika makubaliano yanayoweza kupelekwa mahakamani. Kanuni ya Adhabu, sheria za mikataba, za kashfa na Sheria ya Mtoto ya 2009 zinaendelea kufanya kazi mtandaoni kama zinavyofanya sokoni.

Juu ya hizo kuna sheria zilizotungwa mahususi. Iliyo kubwa ni Sheria ya Makosa ya Mtandao, Na. 14 ya 2015, iliyoanza kutumika Septemba 1, 2015, nayo inatumika Bara na Zanzibar, isipokuwa kifungu chake cha 50. Pamoja nayo ilipitishwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, Na. 13 ya 2015, ambayo ndiyo iliyofungua mlango wa ujumbe, barua pepe na kumbukumbu za kompyuta kupokelewa mahakamani kama ushahidi. Kuna pia Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, ambayo ndani yake yamo masharti ya kusajili laini za simu. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2020 na marekebisho yake ya 2022. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023.

Namba za vifungu nitakazozitaja ni za sheria kama zilivyochapishwa mwanzo. Sheria za nchi zimetolewa upya katika Toleo la Marekebisho la 2023, na katika baadhi yake mpangilio wa vifungu umebadilika, kwa hiyo kabla hujaandika namba ya kifungu kwenye barua rasmi, mwombe wakili au msaidizi wa kisheria aithibitishe. Malalamiko yenyewe yaandike kwa Kiswahili bila wasiwasi: tangu marekebisho ya 2021, Kiswahili ni lugha ya sheria na ya mahakama zetu.

Hatua ya kwanza: kama fedha zimetoka, piga simu sasa hivi

Hatua hii inatangulia nyingine zote, kwa sababu fedha za simu zikishatolewa kwa wakala hazirudishiki kwa kubonyeza kitufe. Piga 100, ambayo ni namba ya huduma kwa wateja kwa mitandao yote ya simu nchini, ueleze kwamba umetapeliwa, utaje namba ya muamala na uombe fedha zizuiwe. Ikiwa zimetoka benki, piga namba ya benki iliyo nyuma ya kadi yako. Mwandike mtu uliyeongea naye, saa mliyoongea, na namba ya kumbukumbu ya lalamiko kama utapewa.

Ukishamaliza hapo, iripoti namba ya tapeli kwa kutuma ujumbe kwenda 15040, ambayo ni namba iliyotengwa kwa kazi hiyo. Zile jumbe za “ile hela tuma kwenye namba hii” huripotiwa huko hata kama hukutuma senti moja.

Hatua ya pili: usifute, usijibu, hifadhi

Hapa naomba msomaji apunguze mwendo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, katika kifungu cha 18, inamtaka hakimu anapopima uzito wa ujumbe wa kielektroniki aangalie mambo kama haya: uliundwa, ulihifadhiwa na ulitumwa kwa njia ya kuaminika kiasi gani, uzima wake ulilindwa vipi, na aliyeutuma ametambulishwa vipi. Maswali hayo unaweza kuyajibu ukiwa nyumbani, na simu ikiwa bado mkononi.

Anza na picha za skrini, lakini zipige kwa akili. Kosa la kwanza ninaloliona ni picha inayoonyesha jina ulilohifadhi wewe badala ya namba. Mtu analeta picha ya mazungumzo na juu yake pameandikwa “Tapeli” au “Huyu Mbaya”, na hakuna tarakimu hata moja ya namba iliyotuma. Jina hilo umeliandika wewe, na wakili wa upande wa pili atasema hivyo kabla hujakaa. Gusa jina, ufungue ukurasa wa maelezo ya mtumaji, upige picha ya namba nzima, kisha urudi kwenye ujumbe.

Kosa la pili ni la tarehe. Ujumbe wa leo huandikwa “Leo” juu yake, na wa jana huandikwa “Jana”. Picha yenye neno “Leo” haimwambii hakimu lolote kuhusu siku. Piga picha siku ya tukio, halafu urudie baada ya siku kadhaa tarehe kamili itakapokuwa imejitokeza, na zote mbili uzitunze.

Kwa Facebook, Instagram, X na TikTok, jina la akaunti pekee halitoshi kwa kuwa hubadilishwa kwa dakika moja. Nakili anwani kamili ya wasifu na anwani ya chapisho lenyewe, uziandike kwenye daftari pamoja na saa uliyoziona. Piga picha ya chapisho likiwa zima, pamoja na maoni yaliyo chini yake, maana mara nyingi maoni ndiyo yanayoonyesha kwamba watu walielewa kuwa ni wewe unayesemwa, hasa pale ambapo jina lako halikutajwa. Ikiwa ni video, rekodi skrini tangu unapofungua programu hadi video inapokwisha. Ikiwa ni barua pepe, usiisambaze; iache mahali ilipo, kwa sababu njia iliyopitia imeandikwa ndani ya barua halisi na hupotea ukiinakili maneno tu.

Simu yenyewe ni shahidi. WhatsApp imefunga mazungumzo kwa usimbaji fiche kutoka simu hadi simu tangu 2016, maana yake ni kwamba kampuni haina maneno mliyoandikiana na haiwezi kumpa polisi hata ikiombwa. Maneno yako kwenye simu yako na kwenye simu ya mwenzako. Usiirudishe simu katika hali ya kiwandani, usiiuze, usibadilishe laini, na kama inakaribia kuharibika tengeneza nakala ya mazungumzo yote uitume kwenye barua pepe yako.

Hata kama umeshafuta, usikate tamaa. Kwa jirani yangu tulirudi kwa wale wateja wanne. Watatu walikuwa na ujumbe wa tapeli kama ulivyoingia, na mmoja alikuwa na ujumbe wa muamala wenye jina lililosajiliwa la mpokeaji. Hapo ndipo alipoelewa kwamba waliotapeliwa kisheria walikuwa wateja, naye alikuwa ameibiwa utambulisho. Walikuwa waathirika wa makosa mawili tofauti ya mtu mmoja, na kila mmoja alikuwa na haki ya kulalamika kwa nafasi yake. Tangu siku hiyo, kila anayekuja kwangu akisema amefuta, namwuliza kwanza ni nani mwingine aliyepokea.

Mwisho wa hatua hii, kaa chini uandike maelezo mafupi ya tukio kwa mfuatano wa tarehe na saa, ungali unakumbuka. Usiweke maoni, usiweke matusi. Kisha uache kuwasiliana na mkosaji. Matusi utakayomrudishia yatakuwa ushahidi wake dhidi yako.

Hatua ya tatu: lipe kosa jina lake

Polisi hawawezi kufungua jalada la “kunisumbua mtandaoni” bila kujua ni kosa lipi, nawe ukilitaja vizuri unawarahisishia kazi. Utapeli wa fedha kwa kutumia mfumo wa kompyuta uko kifungu cha 12 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao. Kuingia kwenye akaunti ya mtu bila ruhusa yake ni kifungu cha 4, hata kama anayeingia ni mume, mke au mchumba. Watu wengi hushangaa wakisikia hili, lakini sheria haikuweka msamaha wa ndoa. Kujifanya mtu mwingine, kama alivyofanyiwa jirani yangu, ni kifungu cha 15. Kutuma ujumbe kwa nia ya kumlazimisha mtu, kumtisha, kumsumbua au kumwumiza moyo ni unyanyasaji wa mtandaoni chini ya kifungu cha 23, ambao adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Taarifa za uongo ziko kifungu cha 16, na nitakirudia baadaye kwa sababu kinawagusa hata watu wasiojiona kuwa wakosaji.

Picha za faragha zinahitaji uangalifu wa peke yake. Mpenzi wa zamani anayetishia kusambaza picha zako usipompa fedha anatenda zaidi ya kosa moja, na ombi lake la fedha ndilo ushahidi wako mkubwa, kwa hiyo lihifadhi. Usimlipe, maana ukilipa mara moja atarudi. Kwa mtu mzima ipo huduma ya bure iitwayo StopNCII, ambayo hutengeneza alama ya kidijitali ya picha yako ndani ya simu yako mwenyewe, bila picha kutoka, kisha alama hiyo hupelekwa kwa mitandao inayoshirikiana nayo ili izuie picha hiyo isipandishwe. Ikiwa picha ni ya mtoto aliye chini ya miaka 18, usiitume kwa mtu yeyote, hata kwa nia ya kuonya wengine au kumtafuta mzazi. Peleka simu yenyewe polisi, na upige 116, namba ya bure ya huduma ya simu kwa mtoto.

Kuna jambo jingine linalochukuliwa kama fedheha ya kifamilia wakati ni suala la sheria: programu za mikopo zinazochukua majina yote kwenye simu yako na kuwaandikia ndugu, bosi na mchungaji wako kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Kudaiwa hakumpi mkopeshaji ruhusa ya kutumia taarifa za watu ambao hawakukopa. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kwa jambo hili una milango miwili: Benki Kuu kwa upande wa ukopeshaji, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kwa upande wa taarifa zako na za ndugu zako.

Hatua ya nne: jua kama mkono wa sheria unamfikia

Kifungu cha 30 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao kinaipa mahakama ya Tanzania uwezo juu ya kosa lililotendeka ndani ya nchi, ndani ya meli au ndege iliyosajiliwa nchini, au lililotendwa na raia wa Tanzania. Raia anayeishi nje naye amo, ikiwa alichokitenda ni kosa pia katika nchi anayoishi. Kwa hiyo ndugu aliyeko Ulaya anayeamini kwamba maneno yake kwenye video ya moja kwa moja hayamhusu hakimu wa Kinondoni anakosea katika kanuni, ingawa katika utekelezaji mambo huenda polepole.

Kwa kesi za madai, hoja ya mahali ilipata jibu mapema katika Mahakama ya Juu ya Australia, Desemba 10, 2002. Mfanyabiashara wa Melbourne, Joseph Gutnick, aliishtaki kampuni ya Marekani ya Dow Jones kwa makala iliyowekwa kwenye kompyuta zilizoko New Jersey. Kampuni ilidai kwamba makala imechapishwa Marekani, basi kesi iende huko. Mahakama ilikataa, ikasema kashfa hutokea pale msomaji anapoifungua na kuisoma, na pale ambapo jina la mtu linajulikana. Uamuzi huo hauwafungi mahakimu wetu, lakini hoja yake ni ya haki: mtu aliyevunjiwa heshima Tanga asilazimishwe kupanda ndege kwenda kuidai ng’ambo.

Kumfikia mtu aliye nje hutegemea ushirikiano wa nchi na nchi. Tanzania ina sheria ya kusaidiana katika masuala ya jinai ya 1991 na ile ya kurejesha watuhumiwa ya 1965. Mkataba wa Umoja wa Afrika kuhusu usalama wa mtandao, uliopitishwa Malabo mwaka 2014, ulianza kuwa na nguvu Juni 2023, na ule wa Umoja wa Mataifa dhidi ya makosa ya mtandao, uliopitishwa Desemba 2024, ulifunguliwa kwa ajili ya kusainiwa mjini Hanoi Oktoba 2025. Nakueleza haya ili ujue wapi pa kutarajia haraka na wapi pa kutarajia subira: tapeli aliyeko Sumbawanga anapatikana, ila aliyejificha nchi usiyoijua, kwa hasara ya laki moja, mara nyingi hutampata.

Neno kwa wanaokwenda Ghuba kutafuta kazi, kwa kuwa nimeona vilio vingi huko. Oman ina sheria yake ya makosa ya mtandao tangu 2011, na Falme za Kiarabu zina iliyoanza Januari 2022. Tusi kwenye ujumbe wa WhatsApp, au picha ya bosi au mwenzako uliyompiga bila ridhaa yake na kuirusha nyumbani, vinaweza kukufikisha mahakamani huko. Sheria inayokuhusu ni ya ardhi uliyosimama.

Hatua ya tano: polisi

Nenda kituo kilicho karibu nawe. Huna haja ya kusafiri hadi makao makuu. Kituo kikipokea lalamiko kinaweza kulipeleka kwa wapelelezi wenye utaalamu wa mtandao. Chukua kitambulisho chako, simu yenyewe, picha za skrini zilizochapwa kwenye karatasi, ujumbe wa muamala na yale maelezo uliyoyaandika. Toa maelezo, yasome kabla hujasaini, na usiondoke bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako katika kitabu cha polisi. Namba hiyo ndiyo utakayoulizwa kila utakapokwenda, na mtandao wa simu au benki huihitaji pia kabla ya kuendelea na ombi lako.

Askari wa zamu akikuambia “hayo ya mitandaoni nendeni mkayamalize wenyewe”, omba kwa heshima kumwona mkuu wa kituo. Sababu ni ya kisheria kabisa: kifungu cha 32 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao kinampa mkuu wa kituo uwezo wa kutoa amri kwa mtu au kampuni yenye taarifa zinazohitajika katika upelelezi. Wewe ukienda kwenye kampuni ya simu kuuliza laini fulani imesajiliwa kwa jina la nani, utakataliwa, na ni haki yao kukukatalia. Mkuu wa kituo ana njia.

Tangu Januari 20, 2020, laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa, kwa hiyo nyuma ya namba kuna kitambulisho cha Taifa cha mtu. Lakini mtu huyo anaweza kuwa bibi kizee aliyewekewa kidole mara mbili na msajili wa mtaani asiye mwaminifu. Bonyeza *106# leo uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, na ukikuta usiyoitambua nenda kwenye duka la mtandao husika uifute. Nimemwona kijana wa watu akilala mahabusu kwa laini ambayo hakuwahi kuishika.

Hatua ya sita: kuliondoa chapisho

Ukishahifadhi ushahidi, na si kabla, liripoti chapisho au akaunti kwa mtandao wenyewe. Chagua sababu inayolingana na tukio. Akaunti ya bandia iripotiwe kama ya kujifanya mtu mwingine, kwa kuwa hapo utaombwa kitambulisho na jambo huamuliwa kwa ushahidi; ukiiripoti kama “sikuipenda”, haitafika popote. Waombe na waliopokea ujumbe wa uongo wairipoti kila mmoja kwa simu yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao nayo, kifungu cha 45, inamruhusu mtu aliyeathirika kumpelekea mtoa huduma notisi ya kuondoa maudhui. Iandike kwa utulivu, utaje anwani kamili ya chapisho, haki iliyovunjwa na unachotaka kifanyike.

Hatua ya saba: kesi ya madai

Jinai humwadhibu mkosaji, lakini mara nyingi haikurudishii jina lako. Kwa kashfa, njia kuu sasa ni ya madai, kwa kuwa marekebisho ya Sheria ya Huduma za Habari ya 2023 yaliifuta kashfa kama kosa la jinai chini ya sheria hiyo. Mwanzo wake ni barua ya madai kutoka kwa wakili, inayotaka chapisho liondolewe, radhi iombwe palepale pa umma lilipowekwa, na fidia ilipwe. Mashauri mengi ninayoyajua yameishia hapo. Ikishindikana, fungua kesi ndani ya miaka 3, ambao ndio ukomo wa madai ya namna hii. Wakili huambatanisha hati ya kiapo inayoeleza simu iliyotumika, nani aliyepiga picha za skrini, lini, na jinsi zilivyotunzwa. Hapo ndipo kazi ya hatua ya pili inapolipa. Asiye na uwezo wa kulipa wakili anaweza kuomba msaada wa kisheria chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017.

Hatua ya nane: kabla hujasambaza, na pale utakapotuhumiwa wewe

Kifungu cha 16 kinamhusu anayechapisha taarifa akijua kwamba ni ya uongo au inapotosha, na akiwa na nia ya kukashifu, kutisha, kutukana, au vinginevyo kudanganya umma. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Naamini maneno “au vinginevyo kudanganya umma” ni mapana mno, na nasema hivi nikiwa mtu anayewatetea waliochafuliwa. Sheria pana huweza kumnasa mwongo, na huweza vilevile kumnasa mkosoaji. Jirani zetu wamelipitia hili: Mahakama Kuu ya Kenya mwaka 2016 ilifuta kifungu cha 29 cha sheria yao ya mawasiliano, na Mahakama ya Katiba ya Uganda Januari 2023 ilifuta kifungu cha 25 cha sheria yao ya matumizi mabaya ya kompyuta, vyote kwa sababu havikueleza wazi ni neno gani hasa lililokatazwa.

Kwa jinsi kifungu chetu kilivyo, kinga yako iko kwenye mambo mawili ambayo upande wa mashtaka unapaswa kuyathibitisha: kwamba ulijua ni uongo, na kwamba ulikuwa na nia hiyo mbaya. Kwa hiyo kabla hujasambaza habari ya kifo, ajali, mtoto aliyepotea au wizi unaomtaja mtu kwa jina, tafuta chanzo chake, na kiungo cha chanzo hicho ukihifadhi. Ukigundua baadaye kwamba haikuwa kweli, iondoe na uandike masahihisho mahali palepale, usifute kimyakimya. Masahihisho yenye tarehe ni ushahidi wa nia yako. Kuandika “imetumwa kama ilivyopokelewa” hakukuondolei jukumu.

Ukiitwa au ukikamatwa, una haki ya kuelezwa tuhuma, ya kuwasiliana na ndugu au wakili, na ya kutosema lolote hadi wakili afike. Usipopewa dhamana ya polisi, unapaswa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Usifute chochote kwenye simu baada ya kusikia unatafutwa, kwa kuwa kuharibu taarifa ili kuzuia upelelezi ni kosa jingine chini ya kifungu cha 22.

Simu yako ikichukuliwa, omba hati ya ukamataji mali iandikwe mbele yako. Hakikisha imetaja aina ya simu, rangi, laini zilizomo, kadi ya kumbukumbu kama ipo, na ile namba ya tarakimu 15 inayotokea ukibonyeza *#06#. Isome, isaini, na shahidi wako naye aisaini. Namba hiyo iandike leo kwenye daftari la nyumbani, simu ikiwa bado iko nawe.